Masalia ya Samli

Bibi Kwandu alipotoka tu kwenda kuchota maji, mjukuu wake Silas aliichukua siagi ambayo bibi alisukasuka kibuyu tangu alfajiri kuipata, akaipika pamoja na bangi aliyokuja nayo kutoka mjini. Alitaka kwenda kuwapikia rafiki zake keki. Akachuja, akaficha kopo kwenye begi, akasahau jambo moja: nyumbani kwao Magindu, masalia yanayobaki chini ya sufuria ya samli ni haki ya mkubwa wa nyumba, naye huyalia ugali.

Silas alipotoka kuoga, alikuta bibi amerudi na sufuria imekombwa, inang'aa.

"Bibi, umeyala?"

"Ulitaka nikuachie wewe?" bibi akafoka. "Siagi yenyewe umeiunguza kama mchoma nyama!"

Silas akamtandikia mkeka. Mchana kutwa alikaa naye mkekani, akimpa maji, akimshika mkono. Bibi alicheka hadi machozi. Alisimulia jinsi babu alivyoswaga ng'ombe kutoka Shinyanga hadi Pwani, na alivyokuja kumposa akiwa na kiatu kimoja. Silas hakuwahi kuyasikia hayo.

Jua lilipoanza kushuka, uzalendo ukamshinda. "Bibi, nisamehe. Ile siagi ilikuwa na bangi."

"Harufu ile nianze kuijua leo? Masalia niliyamwaga chooni, na kopo lako pia."

"Sasa ulikuwa unacheka nini?"

Bibi akamtazama. "Una siku ya nne hapa, na leo ndiyo mara ya kwanza umeweka simu chini."