Waya wa Baba

"Shangazi anauliza, huyo mzee amenyamaza ama amekasirika?"

Mchumba wangu Sifuna alininong'oneza kwa simu kutoka kwao Kanduyi, Bungoma. Mimi nilikuwa ofisini kwetu Kitale, nimeinama mbele ya swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, na hapo ndipo nilipojua nimefanya mambo kinyume.

Baba yangu, mzee Ngige, hakuwa mtu wa kunyamaza. Mchumba wa dada yangu Lenah alipokuja kujitambulisha, Baba alimweleza mahindi yanavyopandwa, kisha jinsi watu wa kwao wasivyojua kuyapanda. Kijana hakurudi. Sasa ilikuwa zamu yangu na Sifuna. Babu yake alikuwa mgonjwa, hawezi safari, kwa hivyo wazee wakakubali kuonana kwanza kwa video. Nikaomba chumba cha mikutano kazini, ambako mimi ndiye fundi wa mtandao.

Kabla hawajaanza, Mama alinivuta kando. "Wangechi, si unajua hizi mitambo? Mpunguze kidogo."

Nikampunguza. Kila kompyuta ina waya wake unaoingia kwenye tundu la swichi, na tundu lolote hubanika, sauti na picha zipite kidogo kidogo. Nikabana la Baba, upande wa yanayotoka, ili maneno yake yafike Kanduyi yamekatikakatika. Kwa haraka nilisahau kwamba swichi huhesabu kutoka upande wake yenyewe: kinachotoka kwake ndicho kinachomfikia Baba. Kanduyi walimsikia vizuri kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa akimpata Edah, shangazi yake Sifuna, kwa vipande.

Nilichungulia mlangoni. Baba alikuwa ameuliza swali, na sasa anangoja jibu. Edah alikuwa ameganda kwenye skrini, mdomo wazi, na Baba amekaa wima, mkono sikioni, akiitikia kwa kichwa kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona nyumbani. Likafika neno moja. Akalipokea, akangoja jingine.

Nikaacha swichi ilivyo.

"Shangazi anasema mzee anajua kusikiliza," Sifuna akaninong'oneza baadaye. "Watakuja."

Jioni Baba naye aliwasifu. Watu wa Bungoma, alisema, hawaropoki.

Siku ya kuja, Edah alianza kuongea akishuka garini, na chai ilipoletwa alikuwa bado hajafika katikati. Baba akanigeukia.

"Ni huyu huyu?"

"Ni yeye, Baba. Siku ile mtandao ulikuwa unasumbua."

Baba akachukua birika, akasubiri mgeni apumue, akammiminia.