Mwano wa Saa Tisa

Tangu saa sita mchana Klara alikuwa na simu tatu mezani, na hakuna hata moja iliyompa jibu la maana. Lori la sayanaidi, ile sumu ya kuchenjulia dhahabu, lilikuwa limetoka Isaka kwenda migodi ya Geita, likapindukia kwenye kalavati la barabara ya vumbi. Mapipa yalikuwa yamepasuka na mabonge meupe yamejaa mtaroni.

Yeye ndiye mratibu wa maafa wa wilaya, kazi aliyoianza miezi mitatu tu iliyopita akitokea Bukoba. Kuratibu, alivyokuwa anaanza kuelewa, ni kuwapigia simu watu wanaotaka kujua kwanza nani mwingine ameshapigiwa. Zimamoto walitaka barua ya mkurugenzi, mkurugenzi akataka kikao kikae, na wa kukiongoza kikao alikuwa msibani Ushetu, simu kaizima kwa heshima ya marehemu.

Aliyeongea la maana alikuwa Asteria, mkemia wa serikali, aliyekuwa njiani kutoka Mwanza.

"Ikiwa kavu, msiiguse tu. Ikilowa inatoa hewa, na hiyo hewa ukiivuta hupati muda wa kujuta. Watu wakae mbali, upande upepo unakotoka. Mawingu yakoje huko?"

Klara akachungulia dirishani. Upande wa Isaka kulikuwa kumefunga, kweusi tii.

Hapo akampigia Masele, mwenyekiti wa kijiji, ambaye Klara alikuwa amemwagiza asimame kando ya lori alilinde.

"Mzee, waambie watu wote kuna hatari. Tumia njia ya haraka kuliko zote ulizonazo."

"Kuliko zote?"

"Ndiyo, baba."

"Haya, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. " Umesema wewe."

Saa tisa na robo alikuwa kwenye gari la polisi, barakoa pekee ya gesi ya ofisi nzima ikiwa mapajani. Walipokaribia kijiji alisikia ukelele mrefu unapanda kutoka bondeni, mwingine ukaujibu kutoka mashambani, na mwingine mbali zaidi. Akafurahi. Ujumbe unatembea, alijiambia. Lakini Enock, askari aliyekuwa anaendesha, mzaliwa wa Nyasubi, alipunguza mwendo.

"Nani kaagiza mwano?"

"Mwano ndiyo nini?"

Enock akamtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha marehemu. Mwano ni wito wa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, alimweleza. Ukipigwa, kila mwanamume anabeba rungu na kukimbilia pale ulipotokea, na anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele. Asiyekwenda, kijiji kizima kinamtenga.

"Na huo," Enock akasema, "umetokea kwenye lori."

Klara aliinamia kioo cha mbele. Kutoka kila upande wa bonde watu walikuwa wanamiminika, wakiruka matuta ya viazi, wengine miguu mitupu. Walikwisha kufika mia mbili na ushee, wamelizunguka lori, na wa mbele wakisogeza yale mabonge kwa ncha za marungu. Masele alimjia kifua mbele.

"Wamekuja, mayu. Hata nusu saa haijafika."

Alitaka kumfokea akashindwa. Mzee wa watu alikuwa mtu wa kwanza siku ile kufanya alichoagizwa.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Hawa lazima waondoke kabla ya mvua. Wataondokaje?"

Masele alielewa upesi kuliko alivyotazamia, na fahari ikamtoka usoni. Mwano haufutwi, alisema, ila unaweza kupigwa mwingine pengine. Enock akapanda mbio kwenye kilima cha mawe, upande upepo ulikotoka, akapiga wake. Umati ukageuka wote kwa pamoja na kukimbilia juu. Klara naye alikimbia nao, na walipofika kileleni tone la kwanza lilimwangukia mkononi.

Alipumua. Kisha akasikia, mbali sana magharibi, ukelele mwingine.

"Ule ni wa nani?"

"Ni ule wangu wa kwanza," Masele alisema. Alikuwa amepanda taratibu nyuma yao. "Umepokewa vijiji vya huko. Watapita bondeni, maana wameambiwa penye lori. Aliyepiga mwano ndiye anayewapokea watu. Ngoja nikawazuie njiani."

"Vaa hii basi." Klara alimsukumia barakoa.

Masele aliigeuza mikononi, akaiweka mdomoni, akaitoa.

"Nikiivaa, watanisikiaje?"

Akamrudishia na kushuka. Mvua ikashika. Klara hakumwona tena, ila alisikia sauti yake chini kwenye ukungu wa mvua, ikiita kwa Kisukuma, warudi, warudi, na kila ilipotua yeye alishika pumzi hadi ianze upya. Huko ng'ambo vile vikelele vya magharibi vilianza kusita, kisha kurudi nyuma. Wanasikia, alijiambia. Mungu wangu, wanamsikia.

Sauti ikatua. Klara alishika pumzi. Akangoja mpaka kifua kikamuuma, na sauti haikuanza.

Juu ya kilima watu walikuwa wamechuchumaa kwenye mvua, wakisikiliza. Kisha wanaume wa mbele wakainuka, na wa nyuma yao, marungu yakigongana.

"Wanakwenda wapi?" Klara aliuliza.

Enock alikuwa analia bila kuficha. "Aliyepiga mwano akinyamaza ghafla, maana yake kazidiwa. Hapo hakuna anayebaki."

Klara alisimama katikati ya njia ya kushukia, barakoa mkononi, akatandaza mikono. Walikuwa mia mbili na ushee, hawamjui hata jina, na wote walikuwa wanakuja.