Betri ya Mtu wa Kulia

Fundi wa magitaa hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe wake, lakini safari hii ulimi ulimwasha. Mama alikuwa amerudisha gitaa lake kwa mara ya tatu, akalilaza juu ya meza ya kazi kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Betri bado inagonga, baba. Nikipiga wimbo wa taratibu naisikia humo ndani: ko, ko."

Betri hiyo ya kinasa sauti, kile kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye spika, fundi aliifunga mwenyewe. Aliiweka ndani kabisa, juu ya kijibao karibu na shingo, akaizungushia mkanda mmoja wa kunata. Sasa alilipakata gitaa, akapiga, akalitikisa. Kimya. Akaingiza mkono tunduni akapapasa: betri imetulia tuli.

"Mama, mimi sisikii kitu."

Mama alikaa kwenye kiti cha wateja. Jumamosi alitakiwa kupiga mbele ya watu, yeye na gitaa lake tu.

"Basi ni masikio," alisema. "Uzee hauji peke yake. Waambie wenye shughuli watafute mtu mwingine. Na gitaa mpe mjukuu wangu."

Fundi aliumia, tena aliumia zaidi kwa kuwa hata yeye alishaanza kuamini hivyo. Tangu aoe katika nyumba ile hakuwahi kumwona mama huyu akikaa siku nzima bila gitaa.

"Nipigie basi kidogo, Mama, kabla hujaliacha."

Mama alikuwa mtu wa mashoto. Gitaa alijifunzia la kaka yake, mtu wa kulia, kwa kuligeuza tu, nyuzi nene zikawa chini, na hakubadilika tena. Akaligeuza kama kawaida yake, akaanza taratibu.

Ko.

Fundi aliruka. Akalichukua, akalipakata kwa kulia: kimya. Akaligeuza: ko! Kumbe likigeuzwa, kile kijibao kilikuwa juu, na betri ilining'inia kwenye mkanda ikigonga mbao.

"Lo! Miaka yote nakuona unavyopiga, halafu nakufungia betri ya mtu wa kulia!"

Akaitoa, akaivika sponji, akaibana kwa kibano cha bati chenye skrubu huku na huku. Mama akapiga tena. Walisikiliza wote wawili mpaka uzi wa mwisho ukanyamaza, na hakikugonga kitu.

"Masikio yako mazima, Mama. Yanayashinda yangu."

Mama alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nimefurahi, baba. Nilikuwa naogopa sana, sikutaka tu kuwaambia."

Akalitia gitaa kwenye mfuko wake, akalibeba begani. Mlangoni akageuka.

"Kwa hiyo na juzi nilisikia sawasawa, ulipokuwa jikoni na binti yangu. 'Mama yako kazeeka, aache gitaa, afume vitambaa.'"

Fundi akainama kuokota skrubu ambayo haikuwa imeanguka.

"Ulimi hauna mfupa, baba," alisema Mama. "Jumamosi njoo ukae mbele."