Mashimo Juu, Mashimo Chini

Mimi na wifi yangu tunaendesha mashine moja, na hilo peke yake ni mtihani. Mashine yetu hupanga vipande vya umeme juu ya bodi za vifaa vya kusikilizia, vile wanavyovaa sikioni watu wasiosikia vizuri. Vipande vyenyewe ni vidogo kama chenga za mchele. Huja vimelazwa kwenye vifuko vya mkanda mrefu uliozungushwa kwenye rili ya plastiki, na ukingoni mwa mkanda kuna safu ya mashimo ambayo meno ya mashine huyashika na kuuvuta.

Siku hiyo nilikuwa na haraka zangu. Kifaa cha kwanza kufanya kazi kingekuwa cha mama yangu. Fundi mkuu alishaniahidi. Kwa miaka naongea na mama kwa kupiga kelele, hadi majirani wanajua tunapika nini.

Asubuhi ikaletwa rili ya diodi kutoka kwa muuzaji mpya. Diodi ina mstari mweupe upande mmoja, na ikilala kinyume, umeme haupiti. Nikaitupia jicho karatasi ya vipimo, nikaona mstari umechorwa chini, nikaiambia mashine hivyo hivyo. Bodi ya kwanza ikatoka bubu. Ya pili nayo bubu.

"Kosa lisipopatikana leo, kazi hii inasogezwa mwezi ujao," fundi mkuu akasema.

Nikamgeukia wifi, maana hasira zangu hazina breki. "Umeuingiza mkanda vibaya!"

"Mkanda una njia moja tu ya kuingia, bibie. Meno hayashiki pasipo na mashimo. Hebu lete hiyo karatasi yako."

Akakata kipande cha mkanda, akakishika vile vile ulivyokaa kwenye mashine, mashimo yakiwa chini, upande wa matumbo yetu. Kwenye mchoro mashimo yalikuwa juu. Akaizungusha karatasi taratibu mpaka mashimo yakatazamana na mashimo, na mshale wa mchoro ukaelekea kule mkanda unakovutwa. Sasa mstari mweupe ukawa juu.

"Wifi, umesoma miguu juu kichwa chini," akasema. "Kumbe ndiyo maana ulimkubali kaka yangu!"

Nilitaka kumjibu, nikajikuta nacheka. Furaha ilinizidi hata haya sikuona. Tukairekebisha mashine, na bodi iliyofuata ikatoa mlio.

Jioni tulikwenda wote kwa mama. Wifi akabaki barazani akivua viatu, mimi nikamvalisha mama kifaa, nikavuta pumzi. "MAMA! UNANISIKIA?"

Mama akanipiga kofi mkononi. "Punguza sauti! Kwani mimi kiziwi?"

Halafu akageuza shingo kuelekea mlangoni. "Na huyo anayecheka huko nje ni nani?"