Kishada Nambari Saba

...na akisimamisha kiti cha kubembea tu, basi, mtoto ataamka na nusu saa ya kubembeleza imekwenda na maji, kwa hiyo anabembea, mbele, nyuma, mtoto kamlalia kifuani kama mfuko wa sukari, simu iko jikoni juu ya friji inachajiwa, saa ya ukutani inasema saa nne kasoro dakika kumi, na saa nne kamili wenzake kazini watakaa mezani wakifute kishada nambari saba, watakifuta hivihivi, naye yuko hapa kakodoa macho... vishada kumi tu, kila kimoja nyota maelfu kwa maelfu zilizoshikana, vinaizunguka galaksi hafifu ambayo kwenye picha ungedhani mtu kagusa kioo kwa kidole kichafu, na kazi yake ya miaka mitatu ilikuwa kupima mwendo wa kila kishada, kwa sababu kishada kikienda mbio na bado hakitoroki, lazima kuna kitu kinakishika, kizito, kisichoonekana, hiyo maada giza yenyewe, sasa tisa vinakwenda polepole, ni hicho cha saba tu kinachokimbia, au kilikimbia mara ya kwanza, maana alipokipima tena baada ya miezi sita, tumbo lake likifika mezani kabla yake, kilikuwa kimetulia kama wenzake, tofauti kilomita ishirini na tisa kwa sekunde, na kiongozi wao akasema vipimo vinavyogombana havitufai, kitoeni, tuandike kwamba galaksi hii haina maada giza kabisa... "Mwanangu, viazi hivi vimeota, unajua?" mama mkwe huyo, jikoni, mshonaji mstaafu, sauti iliyoshindana na cherehani miaka thelathini, atajibuje bila kumwamsha mtoto, na tangu mama mkwe aje wiki mbili zilizopita akamnyang'anya nepi mkononi, "hivyo sivyo, lete," yeye mwenyewe ameapa hatamwomba hata glasi ya maji, mbele, nyuma... "Mnatafuta kitu kisichoonekana," mama mkwe alimwambia juzi, "na mkikikosa mnaandika? Basi mimi profesa, miwani yangu sijaiona tangu Jumanne," akacheka peke yake, na miwani ilikuwa kichwani... alipaswa kubisha ile siku kiongozi aliposema kitoeni, kwa nini alinyamaza jamani, alinyamaza kwa sababu siku hizi anatia chumvi kwenye chai, anaweka funguo kwenye friji, akili zake zimebaki wodini, nani atamsikiliza, na anaona uchungu, ndiyo, kile kishada ni chake, alikiona yeye kwanza...

Mbele, nyuma, na ile picha ya harusi ukutani inamkera, mumewe ndani ya koti aliloshonewa na mama yake, mikono ya koti imemmeza vidole, mbele, picha inamjia, nyuma, inamkimbia, inamjia, inamkimbia, ingetulia basi, lakini imepigiliwa msumari tangu mwaka juzi, haiendi popote, anayekwenda ni yeye... ngoja. Ngoja kwanza. Miezi sita. Miezi sita ni nusu ya safari ya dunia kulizunguka jua, na dunia inakwenda kilomita thelathini kila sekunde, inakisogelea kishada, kisha inakipa mgongo, ile mara ya kwanza mashine yenyewe iliutoa mwendo wa dunia kwenye hesabu, ya pili alipiga hesabu kwa mkono, nyumbani, siku tatu kabla ya uchungu wa kujifungua, miguu imevimba iko kwenye beseni la maji, aliutoa? Aliutoa kweli? Karatasi anaiona, mstari wa nne, mstari wa tano... hakuutoa. Ishirini na tisa. Ee Mungu wangu, hakuutoa! Kishada hakikutulia hata siku moja, kinakimbia vilevile, na kitu kinakishika, au angalau hawana ruhusa ya kusema hakuna, na kosa ni lake, lake mwenyewe, atalisema mbele ya wote, na hajawahi kufurahia kosa namna hii, kumbe akili zipo, kumbe hazikubaki wodini, zimekaa hapa zinabembea... saa nne kasoro dakika nne.

"Mama," kwa mnong'ono, halafu tena, "Mama, naomba unisaidie, simu iko juu ya friji, nipigie kiongozi wangu," na mama mkwe anachungulia mlangoni na kisu cha viazi mkononi, "Kumbe unajua kuomba," anasema, lakini keshageuka, keshaileta simu, anampigia kiongozi, anamwekea sikioni, na mkono ule unaonukia viazi unakwenda naye mbele, unarudi naye nyuma, wala simu haiachani na sikio, hakuna aliyemwambia afanye hivyo, mtoto analala, simu inaita, inaita... "Halo? Msikifute," ananong'ona, kiti kikiendelea, "nilikosea mimi."