Kichwa cha Hamisa

Jumamosi askari walipomchukua Loveness, kichwa cha Hamisa kilikuwa kimesukwa nusu. Upande wa kulia twende kilioni imelala vizuri, upande wa kushoto nywele zimesimama. Loveness alikuwa akimsuka mkekani, uani mwa kituo cha kulelea watoto kule Kurasini, malori ya makontena yakinguruma nyuma ya ukuta.

Meneja, Bwana Gregori, alikuwa ametangaza kwamba wasichana wote watanyolewa. Loveness, mwenye miaka kumi na mitano, alirusha chanuo. Kioo cha ofisi kikapasuka. Wiki hiyohiyo mtoto wa jirani alivunja dirisha la kwao kwa mpira, akazabwa kofi, akala chakula cha usiku. Bwana Gregori yeye alipiga simu polisi.

Jumamosi iliyofuata, baada ya kufua, Hamisa alikaa mkekani akainamisha kichwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu, lakini nywele zake zikagawanyika, zikaanza kujisuka zenyewe.

"Da Love, unaumiza bwana!"

"Tulia," alisema Herieth, mpishi, akichambua mchele. "Ukitikisika mstari utapinda."

Wenzake walimcheka, eti kabanwa mpaka nyusi zimepanda. Kisha wakapanga foleni. Mistari ilikuwa ya Loveness kabisa, myembamba, imenyooka, kila ncha na fundo lake. Bwana Gregori alipita, akaangalia, na habari ya kunyoa hakuitaja tena.

Siku ya kesi wasichana waliingia mahakamani na Herieth, shingo juu. Loveness alikuwa amesimama mbele. Huko mahabusu ya watoto walikuwa wamemnyoa. Fundo moja la Hamisa likafunguka, likajisuka upya. Hakimu alisubiri limalizike.

"Kazi safi. Nani kakusuka?"

"Dada yangu yule."

Hakimu aliinamisha kichwa kwa heshima, akarudi kwenye jalada. "Mlezi wa kumdhamini?"

"Mimi," alisema Bwana Gregori.

"Na mlalamikaji?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Huwezi kuwa wote wawili. Kuna mwingine?"

"Mie nipo," alisema Herieth.

"Ni nani wako?"

"Nampikia."

"Nauliza ndugu."

Wasichana wote wakasimama. Hakimu aliwatazama mmoja mmoja, kisha akasema anahitaji mtu mzima. Hawakukaa mpaka Loveness alipotolewa nje kurudishwa mahabusu.

Kioo cha ofisi kimeshabadilishwa. Loveness bado yuko mahabusu. Kila Jumamosi, nguo zikishaanikwa, Herieth huweka kigoda cha msusi nyuma ya mkeka, na Hamisa huwa wa kwanza.