Mama Nelly na Fundi wa Kompyuta

Mama Nelly hakumwamini fundi tangu alipovuka mlango. Mtu anakuja kupiga Windows mpya, begi la nini kubwa namna ile?

"Shikamoo mama," Donatus akamwamkia.

"Marahaba. Kaa hapo ninapokuona."

Msimlaumu bure. Kabla ya kufungua stationery yake hapa Katoro, alikuwa na mawe yake ya dhahabu. Siku moja aliyaacha kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, akaenda kunywa chai. Kurudi, mawe yamebadilishwa, hakuambulia hata chembe. Tangu hapo sheria yake ni moja: ukihisi wizi, zima mashine kwanza, maswali baadaye.

Na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya marehemu mumewe, Magesa. Aliirekodi wiki mbili kabla ya kufa, akimuusia binti yao Nelly, isikilizwe siku ya harusi yake. Harusi yenyewe ni Jumamosi hii.

"Mama, kwanza tunakili mafaili yako pembeni," Donatus akasema. "Nina diski hapa."

"Diski yako? Uondoke nayo? Thubutu!"

"Basi nunua ya kwako."

"Kwa rafiki yako mwenye duka, siyo? Wewe piga Windows, baba."

Fundi akashusha pumzi. Akamweleza kwamba kompyuta itajizima na kujiwasha yenyewe mara kadhaa, asilimia zinaweza kusimama hata nusu saa, kioo kitakuwa cheusi. Asishtuke, na umeme usiguswe kabisa. Mama Nelly akaitikia, huku moyoni anasema, ahaa, ananiandaa huyu.

Asilimia zikapanda hadi thelathini na mbili, zikaganda. Dakika kumi. Ishirini. Simu ya Donatus ikaita, akatoka kibarazani, akawa anaongea chinichini na kucheka. Anamcheka nani? Mafaili anampelekea nani? Mara kioo kikawa cheusi ti! Weee! Mama Nelly akachomoa waya ukutani kwa nguvu zake zote.

Donatus akaingia mbio. "Mama, umefanya nini?"

"Nimezima! Sasa niambie ulikuwa unaongea na nani."

"Na mke wangu."

Alihangaika na ile kompyuta mpaka alasiri, bila neno la lawama. Mwishowe akafuta jasho. "Pole, mama. Diski ya kompyuta haisomeki tena. Nimejaribu kila njia."

Hapo hapo Nelly akapiga simu kutoka Shinyanga.

"Mama, umeshaitoa sauti ya baba? MC anaiulizia."

Ukweli alikuwa nao. Atamwambiaje mtoto kwamba ni mkono wake mwenyewe?

"Fundi kaiiba, mwanangu."

Donatus, aliyekuwa anakusanya vifaa vyake, akasimama akimtazama. Kwenye simu Nelly alikuwa analia kwa kwikwi.

"Anaitwa nani, mama? Nampigia mjomba sasa hivi, aende polisi."

Na Mama Nelly, Mungu amsamehe, akamtaja Donatus kwa jina, wakitazamana macho kwa macho.